Wiki Niliyoacha Nyama kwa Ajili ya Dunia

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeacha nyama. Rasmi! Tangu jana, baada ya ibada, mbele ya Mchungaji na wazee wote wa usharika.

Sikuwa nimepanga. Mambo yalikwenda hivi. Mimi naishi Ngarenaro, mjini Arusha, natengeneza redio na pasi, lakini bado nasali mlimani kwetu Meru, kanisa nililobatiziwa. Usharika wetu una urafiki na sharika nyingine mbili za mbali. Mmoja uko Ujerumani, mwingine kusini mwa India. Kesho wanakuja wageni, mmoja kutoka kila upande. Ajenda yao mwaka huu: ulaji endelevu. Mchungaji akaeleza kwamba maana yake ni kula leo bila kumnyang'anya wa kesho, na kwamba kila watu wana namna yao ya kulielewa jambo hilo. Mwakani kutakuwa na mkutano hukohuko Ujerumani. Sisi tutatoa mtu mmoja, atakayechaguliwa Jumapili ijayo baada ya hotuba kanisani.

Mtu mmoja!

Mchungaji hajamaliza, Solomoni keshasimama. Solomoni wa kwaya, wa Olasiti, mwenye gari. Tulisoma naye darasa moja. Aliwahi kwenda Finland na kwaya, na tangu hapo hawezi kunywa chai bila kusema "kule kwa wenzetu". Akajitolea kuwaendesha wageni. Makofi. Nikaona kabisa: ndege inapaa, Solomoni yuko dirishani, ananipungia mkono.

Nikasimama. Nikasema wageni wafikie kwangu, waone ulaji wa mjini. Makofi machache. Nikaongeza kwamba mimi na familia yangu tumeacha nyama. Kwa ajili ya dunia.

Wakatazamana. Halafu makofi! Mzee mmoja wa kanisa akafuta macho.

Pudensiana, mke wangu, hakuwepo. Yeye ni Mkatoliki, alikuwa misani kwao mjini. Nimemwambia leo asubuhi, taratibu, akiwa anachagua maharage. Akauliza tumeacha lini. Nikasema jana. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa ajili ya dunia. Akanijibu kwamba yeye ni binti wa Kibosho, Kilimanjaro, na dunia ikitaka aache nyama ije imwambie yenyewe. Isitume mtu.

Kisha akafungua friji akanionesha mguu wa mbuzi ulioletwa na mama yake juzi. Mguu mzima. Mnono!

Nimeupeleka kwa jirani yetu, Vaileth, anihifadhie mpaka wageni waondoke. Nimeuacha kwa uchungu, kama mzazi anayemwacha mtoto bweni.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya bustani. Mtu wa ulaji endelevu lazima awe na bustani. Uani kwetu kuna saruji, kamba ya nguo na jogoo wa Vaileth. Basi. Nikakusanya ndoo mbovu, nikajaza udongo, nikaenda sokoni Kilombero kununua mafungu ya mchicha na figiri, nikachomeka shina mojamoja. Kufikia saa sita ua wote ulikuwa kijani. Nikarudi nyuma nikatazama. Hata jogoo aliniheshimu.

Mchana ukungu ukaondoka, jua likatoka. Bustani ikalala yote, kama waumini kwenye mahubiri marefu.

Ndipo Solomoni akawaleta wageni. Mama Renate wa Ujerumani: mtu mzima, mrefu, mwembamba, begi moja dogo, chupa ya maji iliyobonyea kila upande. Mzee Devadas wa India: mwalimu mstaafu, mfupi, masharubu meupe, anaanza kutabasamu kabla hujasema lolote. Nikawakaribisha kwa Kiingereza changu cha sherehe. Kisha nikamgeukia Pudensiana, nikamwambia kwa Kiswahili, haraka haraka, kwamba huyu mama alivyokonda bila shaka hata kwao hali, na kwamba asimruhusu aguse bustani.

"Marahaba," akasema Mama Renate.

Nilikuwa bado sijamwamkia!

Akaeleza, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, kwamba alikuwa nesi kule mlimani kwetu zamani, mimi nikiwa bado navaa kaptura. Na kwamba anakula vizuri tu, asante. Solomoni alifurahi mpaka akaegemea gari lake.

Mama Renate akainama kwenye ndoo. Akashika mchicha mmoja. Ukatoka wote mkononi mwake, hauna hata mzizi. Akautazama. Akanitazama. Akaurudisha polepole, akaubana udongo kwa vidole kama anayemfunika mtoto shuka. Mzee Devadas akaomba maji, akamwagilia ndoo zote, hata zile zilizokwisha kufa. Nimeona watu waungwana, lakini hawa!

Jioni tulikula wali, maharage na ileile bustani. Katikati ya sala, harufu ikaruka ukuta. Pilau. Pilau ya mbuzi! Pudensiana akafumbua jicho moja. Ule mguu naujua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu. Nikasema amina kabla sala haijaisha.

Baadaye nikamnong'oneza Vaileth ukutani. Akanijibu kwa sauti ya mnadani kwamba umeme ulikatika mchana, akaona nyama isije ikaharibika. Si mimi niliyetangaza kanisani habari za kutotupa chakula?

Habari zimeteremka mlima mzima mpaka kwa Vaileth.

Jumatano, 6 Agosti

Aibu iliyogeuka kuwa asubuhi nzuri kuliko zote za mwaka huu. Nieleze.

Wali wa jana ulibaki mwingi. Nani angekula vizuri huku ananusa cha jirani? Mimi nina msimamo: mgeni haoneshwi kiporo. Nikauficha bafuni, sufuria ndani ya ndoo, ndoo chini ya beseni. Leo alfajiri nikatoka kutafuta mkate mpya na mayai.

Nimerudi nikawakuta jikoni wamekaa vigodani, wote, sufuria ileile katikati yao. Mzee Devadas aliikuta jana alipokwenda kuoga. Akamwomba Pudensiana ruhusa, akaumwagia wali maji safi, akaufunika mpaka asubuhi. Leo akatia mtindi, chumvi, kitunguu kibichi na pilipili. Akasema kwao hicho ndicho kifungua kinywa cha mtu anayekwenda kufanya kazi ya maana, shambani au baharini. Babu yake alikula hicho mpaka alipofariki, na alifariki mzee sana, tena akiwa na hasira ya kukatizwa.

Mama Renate naye akatoa habari za mama yake. Baada ya vita kule kwao mkate ulikuwa haba. Ukikauka, mama yake aliuchemsha na kitunguu ukawa supu. Kipande kikianguka sakafuni, alikiokota, akakibusu, akakirudisha mezani. Mpaka leo Mama Renate hawezi kupita kipande cha mkate kilichoanguka njiani. Anakiokota, anakiweka juu ya ukuta kwa ajili ya ndege.

Pudensiana akasimulia habari za bibi yake wa Kibosho na ndizi za jana zilizopashwa kwenye makaa, zenye ganda la moshi, ambazo wajukuu walizipigania kuliko za leo. Kisha akawaambia kwamba katika nyumba hii mume wake husema kiporo ni cha mbwa. Na mbwa hatuna.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkate wangu. Nikajiona mjinga. Mzee Devadas akasogea, akapigapiga kigoda kilichokuwa wazi ili niketi. Nikaonja. Baridi, chachu kidogo, pilipili ikapanda mpaka machoni. Utamu wa ajabu! Nikawaza: watu hawa wamezaliwa mbali namna hii, hawajawahi kuonana, na kila mmoja mama yake alimfundisha kufunika sufuria. Nikala mpaka nikakwangua ukoko.

Kisha akili yangu ikaamka. Kiporo! Hiyo ndiyo hotuba yangu ya Jumapili! Solomoni hana kiporo. Kule kwa wenzetu hawakumwonesha.

Alhamisi, 7 Agosti

Mwili umekataa. Leo nilishika waya wa pasi nikaona utumbo.

Nikamwambia Pudensiana nakwenda kutafuta kipuri. Nikapita mbele ya bucha langu la siku zote hapa Ngarenaro, kichwa juu, kila mtu anione ninavyopita. Nikapanda bodaboda mpaka Engutoto, ambako hakuna anayenijua. Nikaingia mahali pa nyama choma kwa mlango wa nyuma, katikati ya moshi. Nikakaa nyuma ya nguzo. Nikaagiza mbavu, zisikauke.

Nikasikia mtu anaimba besi ya wimbo wa kwaya, mdomo umejaa.

Solomoni! Na kando yake Mzee Devadas, mikono imeng'aa mafuta mpaka kwenye viwiko.

Nilitaka kutambaa. Mzee Devadas akaniona, akasimama, akaniita kwa furaha ya mtu aliyemwona ndugu yake ughaibuni. Nikawaambia nimekuja kumshauri mwenye duka kuhusu mboga. Wakati huohuo mhudumu akatokea na sinia, akauliza kwa sauti mbavu ni za nani, za yule mzee aliyesema zisikauke. Mzee Devadas akauinua mkono wangu yeye mwenyewe.

Basi nikakaa. Ikabidi tuambiane ukweli. Nilidhani Wahindi wote hawali nyama. Kumbe India ni kubwa! Mzee Devadas ametoka ukoo wa wavuvi, Walutheri tangu babu wa babu. Alidhani nyumba yangu imefunga kwa nadhiri, akaiheshimu nadhiri yetu, akavumilia. Leo uvumilivu ukamwishia, akamwomba Solomoni kwa siri.

Lakini jinsi anavyokula! Sijawahi kuona. Hakuacha kitu kwenye mfupa. Alitafuna gegedu, akavunja mfupa akanyonya uboho, akaupanga mkusanyiko wake mweupe pembeni ya sinia kama vigae. Akasema mtu anayekubali mnyama afe kwa ajili yake anapaswa kumaliza alichokianza. Kwao samaki hupikwa na kichwa chake, na kichwa hupewa mtu anayependwa kuliko wote mezani. Nikatazama sinia langu. Nilikuwa nimeacha nusu ya nyama kwenye mifupa, kama kawaida yangu. Nikairudia yote.

Solomoni hakunicheka hata kidogo. Akanisogezea chumvi na pilipili. Akasema hatamwambia mtu.

Adui anayekusitiri ni adui mbaya sana.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Solomoni alitaka kuwapeleka wageni kwenye maonesho ya wakulima. Mimi nikataka mlimani, kwa mama yangu. Mchungaji akachagua mlimani. Ushindi!

Nilikuwa nimejiandaa. Jana asubuhi, kabla ya Engutoto, nilimpigia mama simu nikampa maelekezo: atoe vyungu vya udongo, afiche mabeseni ya plastiki, afiche hasa lile jiko la gesi, ajifunge kanga, na asichinje, kwa sababu wageni hawali nyama. Mama yangu, Mwalimu Elinipa, alikuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi. Alinisikiliza kama alivyowasikiliza watoto waliochelewa. Akasema, "Nimekusikia." Nikadhani amekubali.

Tukapanda. Ukungu umekaa mabegani mwa Meru, kahawa zimeanza kuwa nyekundu, maji yanakimbia kwenye mfereji chini ya migomba. Mama akatupokea kavaa buti za mpira na sweta langu la sekondari. Wakaamkiana na Mama Renate, wakaulizana umri, wakakuta mama ni mkubwa kidogo. Mama Renate akampa shikamoo yake kwa adabu zote.

Kisha mama akawauliza mbele yangu: "Mwanangu anasema nyie hamli nyama. Ni kweli?"

Mama Renate akasema kwao, alipokuwa mtoto, nyama ilikuwa ya Jumapili. Siku sita unaingoja, ya saba unashukuru. Anajaribu kuishi hivyo mpaka leo, lakini Nane Nane ni sikukuu, na sikukuu ni Jumapili iliyotangulia. Mzee Devadas hakungoja tafsiri. Alikuwa anatazama upande unakotoka moshi.

"Mbuzi nimeshachinjisha alfajiri," mama akaniambia. "Nimewauliza ili na wewe usikie."

Jikoni, balaa. Jiko la gesi liko palepale, katikati! Nikakimbia nikasimama mbele yake, nimetanua koti. Mama Renate akauliza kwa nini nimesimama kama askari wa benki. Mama akanishika sikio, naapa, sikio, akanisogeza.

Na hapo ndipo nilipojua. Gesi ile haitoki mjini. Inatoka kwa ng'ombe! Nyuma ya zizi kuna shimo lililojengewa. Ng'ombe anakula migomba iliyokatwakatwa na majani ya pembeni mwa mfereji. Samadi inaingia shimoni, gesi inapita kwenye bomba mpaka jikoni, na tope linalobaki linarudi kwenye migomba. Mama alieleza akiwa anakoroga supu, kama anayeeleza njia ya kwenda dukani. Mama Renate akapiga magoti kutazama moto ule wa buluu. Akasema kwao wamefanya vikao na vikao kuhusu jambo hili, na hapa limekaa limebeba sufuria.

Mimi ndiye mwanawe. Bomba lile nililiona tangu Pasaka. Nilidhani ni la maji.

Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nakuja, nakula, naondoka na mkungu wa ndizi. Leo nilizunguka kihamba chote, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, nyuma yao kama mgeni wa tatu. Kahawa chini ya kivuli cha mgomba, magimbi chini ya kahawa, kila kitu kimekaa kwenye mapaja ya mwenzake. Mama anajua kila mgomba aliupanda nani na mwaka gani wa njaa ulimlisha nani. Nilijisikia fahari mpaka nikaanza kuwaonesha wageni migomba kama vile niliipanda mimi.

Yule mbuzi naye! Kila kiungo kilikuwa na mwenyewe. Kidari cha fulani, mgongo wa fulani, kichwa na miguu kwa wazee wa kilima, damu na utumbo supu ya wachinjaji. Mama akasema mbuzi hachinjwi kwa sababu mtu ana hamu. Anachinjwa kwa sababu kuna jambo, na jambo lina watu. Hadi mchana mbuzi mmoja alikuwa amefika nyumba zote za jirani.

Akaja Simaloi. Huyu ni rafiki wa mama tangu ujana wao, Mmasai wa kule chini tambarare. Siku zote hupandisha maziwa, huteremsha ndizi. Leo alileta kibuyu cha maziwa ya mgando kilichosafishwa kwa kijinga cha moto, maziwa yana harufu ya moshi, yamekaa siku kadhaa na bado mazima, bila friji na bila umeme. Yeye akanywa, sote tukanywa. Mimi, kuonesha ukarimu, nikamjazia sahani nyama ya paja. Akairudisha kwa upole. Nikairudisha kwake. Akairudisha. Nikamwambia asione haya, ipo nyingi. Mama akanitazama lile tazamo la ofisi ya mwalimu mkuu.

"Leo mnyama amenipa maziwa," Simaloi akasema. "Siwezi siku hiyohiyo nikamdai na nyama."

Mzee Devadas, nilipomtafsiria, akaweka mkono kifuani. Mama Renate akaomba arudie tena, polepole.

Mzee Devadas akaomba jani la mgomba badala ya sahani. Akaliosha, akalitandika, akala kwa mkono, nadhifu, bila tone kuvuka mstari wa katikati. Alipomaliza akalikunja kuelekea kwake, ndivyo wanavyosema ahsante kwao. Mama akalichukua, akaenda nalo zizini, ng'ombe akalila. Basi wote wakataka majani! Tukala tena kidogo, ili tu tupate cha kukunja. Simaloi alicheka mpaka shanga zikalia. Akasema mama ameajiri ng'ombe wa kuosha vyombo.

Sijui kama nitaiona tena siku kama hii.

Njiani kurudi nikamwambia Mama Renate kwamba ratiba yote niliipanga mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeshinda kibandani kwangu cha ufundi naandika hotuba. Pasi za watu zimengoja. Nimechukua kiporo cha Devadas, busu la mkate la mama yake Renate, mnyama wa Simaloi, jani, bomba. Vyote nimeviweka kwenye kinywa changu. Inatiririka! Pudensiana ameisoma, akasema ni nzuri sana, na akauliza mimi niko wapi ndani yake. Nikamwambia mimi ndiye ninayesoma.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisa limejaa mpaka nje. Pudensiana kaja pia, Mkatoliki peke yake, kavaa kitenge kipya, kaketi mbele kabisa na wageni. Mama kaketi na kinamama.

Solomoni akaitwa kwanza. Nilikuwa tayari kwa Finland. Hakuitaja! Akasema wiki hii alikuwa dereva, na dereva kazi yake ni kuangalia. Akasema yeye amesafiri mbali kujifunza mambo ya watu, na hakuwahi kusimama kwenye kihamba cha jirani akauliza maswali. Akajitoa. Akapendekeza Mwalimu Elinipa. Akaketi. Dakika moja tu! Nilimchukia kwa jinsi alivyosema vizuri.

Nikapanda mimi. Nikaanza na kiporo. Watu wakatulia. Nikafika kwenye mkate, kinamama wakatikisa vichwa. Nikafika kwa mnyama na maziwa, mzee mmoja akasema "Ee Bwana." Nilikuwa nimewashika mkononi. Karatasi ya mwisho niliiandika Jumatatu, kabla ya haya yote, nikaiambatanisha bila kuirudia. Nikaisoma kwa sauti kubwa:

"Na ndiyo maana mimi na familia yangu hatujaonja nyama!"

Nusu ya kanisa ilikula mbuzi na mimi juzi.

Kicheko kilianza kwenye besi za kwaya. Kikapita kwa vijana. Kikafika kwa kinamama, na hapo kikashindikana kuzuiwa. Mama Renate alikuwa amejishika mbavu. Mzee Devadas, ambaye hakuelewa neno, alicheka kwa sababu wote walicheka. Mama yangu alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Mchungaji akasema tumshukuru ndugu Prosper Sumari kwa kutuchangamsha.

Wazee na wageni wakashauriana, haikuchukua muda. Mwalimu Elinipa. Akakubali kabla swali halijaisha. Akasimama kanisani na kusema amefundisha jiografia ya Ulaya maisha yake yote na anataka kukagua kama ipo kweli. Vigelegele! Mimi pia nilipiga makofi, nikashangaa nilivyopiga kwa nguvu. Anastahili. Hakuna anayestahili kama yeye. Solomoni alikuwa amesimama kando yangu, macho yamelowa, na kwa dakika nzima hatukuwa maadui.

Kisha Mchungaji akauliza nani atamtunza ng'ombe mama akiwa safarini. Kulisha, kukamua, kukata migomba, kusukuma samadi shimoni alfajiri.

"Prosper," akasema Pudensiana, kwa sauti ya kanisa zima. "Ana wito."

Makofi makubwa kuliko yote ya wiki.

Jumatatu, 11 Agosti

Wageni wameondoka leo asubuhi. Nimelia. Mama Renate alinikumbatia, akaniambia anashukuru kwa kila kitu, na hasa kwa bustani. Mzee Devadas alimwachia Pudensiana mbegu za pilipili. Amezipanda kwenye ndoo zangu. Za kwake zitakuwa na mizizi.

Nyumba imekuwa kimya. Tumefungua kinywa kwa ugali na maharage ya jana, tukayasifu. Nikajisemea basi, Prosper, tulia sasa, tengeneza pasi za watu.

Nilitulia mpaka kama saa nne. Ndipo nikawaza: mama ni mtu mzima. Safari ni ndefu. Hawezi kwenda peke yake. Anahitaji mtu wa kumshikia begi na kumtafsiria mitaani. Ng'ombe anaweza kutunzwa na Solomoni, ana moyo mzuri, nimeuona mwenyewe.

Nikampigia Mchungaji. Nikamweleza kwamba Kijerumani nakifahamu vizuri, nimekisoma migongoni mwa redio ninazotengeneza miaka yote hii. Amefurahi kupita kiasi! Amesema ni Mungu, maana saa sita leo wazee wa usharika wa Ujerumani watapiga simu ya picha, wanangoja salamu zetu rasmi, na mkalimani wake anaumwa jino. Anakuja kunichukua. Mama naye atakuwepo.

Saa sita kasoro sasa. Nasikia honi nje. Ninajua maneno mawili, na moja nadhani ni jina la trekta.